Kizibo cha Nyumba ya Kamiore

Hiroshima, 2 Agosti 1994

Kwa Mama Mkubwa Tokiko,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui sana kwa joto hili. Huku tunaendelea. Baba amepanda matango kwenye ndoo barazani na kila asubuhi anayasemesha kwa upole ambao mimi sijawahi kuupata. Ofisini bado nachora ramani za barabara ambazo hakuna atakayezipita. Mchumba bado hakuna, nakujibu mapema usijisumbue kuuliza. Kaburi la Mama tulilisafisha Jumapili iliyopita, na yale maua uliyotuma tumeyaweka.

Sasa nije kwenye lililonileta, maana siku tatu nimelibeba na limeanza kunuka.

Uliniambia nikipita Shikoku nilale kwa Mzee Isao, unayemfahamu zamani, huko Kamiore juu ya mto Niyodo. Ulisema ana nyumba ya wageni na maji ya moto. Nilikuamini kwa kuwa hujawahi kunidanganya tangu nikiwa na miaka mitano.

Jumamosi nilivuka na baiskeli yangu kwa feri ya alfajiri hadi Matsuyama. Mji mzima umekauka. Mabomba yanafunguliwa kwa saa chache tu, na mama mmoja wa duka la tambi alinijazia chupa nusu huku akiitazama kama anayenipa damu. Nikapanda mlima Misaka chini ya jua la saa sita, jasho likinikaukia mgongoni hadi shati likawa gumu. Kushuka upande wa pili kulikuwa raha, sikatai. Kisha nikapata pancha, nikabandika kiraka, nikapata nyingine, na spoki mbili zikakatika. Kutoka barabara kuu hadi Kamiore ni kilomita nne za mawe. Nilisukuma baiskeli. Nilipita nyumba tisa na zote zimefungwa, paa zimelala juu ya vitanda. Ya kumi ndiyo ya huyo mzee wako.

Mama Mkubwa, ile si nyumba ya wageni. Ile ni jalala lenye paa. Kuanzia mlangoni kuna magunia hadi darini: magazeti, chupa, viatu vya mguu mmoja, redio zisizo na matumbo. Katikati pameachwa njia ya kupita mtu mwembamba akiwa upande. Harufu ilinipokea kabla ya mwenye nyumba: mkojo wa paka, ukungu, na kitu kingine kitamu kidogo ambacho sikutaka kukijua. Mzee akatokea katikati ya magunia akiwa na fulana ya rangi isiyo na jina, jino moja mbele, kucha nyeusi. Alinikodolea macho kwa muda mrefu mno, hasa masikio yangu, kisha akasema nimechelewa na maji yako tayari.

Chakula sikisahau. Alinipakulia wali kwenye bakuli lenye duara la kahawia ndani. Akafunua pipa la figili za chumvi, juu zimeota ukungu mweupe mzito kama manyoya. Akaufuta ule ukungu kwa kidole gumba, akakipangusa kidole kwenye suruali, akachukua figili kwa kidole kile kile na kuniwekea juu ya wali. Akakaa kunitazama nikila. Nilijikaza nikala. Kila nilipomeza niliona kile kidole.

Nilioga. Maji yalikuwa ya moto, kweli. Kuhusu kuoga sina zaidi la kusema.

Godoro lilikuwa bichi kwa unyevu. Nilipoliinua tandu wa urefu wa mkono akajitoa chini yake, akapita bila haraka, kama mpangaji wa siku nyingi. Nililala nimeketi. Asubuhi nilikuta baiskeli imeegemezwa ukutani, nikaondoka bila chai na bila kuaga vizuri. Nilipofika mtoni nilijisugua kwa mchanga hadi mikono ikawa myekundu.

Nakuandikia bila kukuficha kwa sababu wewe ndiye uliyenituma. Binadamu hapaswi kuishi vile, na aliyepewa akili zake hapaswi kumtuma mwenzake kule. Nataka kujua ulikuwa na maana gani.

Wako,
Kazuomi

*

Himeji, 19 Agosti 1994

Kwa mwanangu Kazuomi,

Barua yako niliipata tarehe tano. Usihesabu siku, nilikuwa na mambo. Goti ni lile lile. Jirani yangu Bibi Orito amenunua kipoza hewa kikubwa, sasa ukuta wangu unatetemeka mchana kutwa na nafundisha ushonaji huku sindano zikicheza mezani. Mwambie baba yako matango yanataka kivuli, si maneno.

Nimesoma uliyoyaandika mara tatu. Pole kwa tandu. Nyumba ile haikuwa hivyo nilipoiona mara ya mwisho, lakini ni zamani, na watu huzeeka pamoja na kuta zao. Hilo litoshe kwa sasa.

Nataka unijibu mambo machache, waziwazi kama ulivyoanza. Je, anakohoa? Anapanda ngazi bila kushika? Alikuita kwa jina au alikuuliza? Alitaja mtu yeyote? Na kwenye altare ya nyumba, ile ya kuwakumbukia marehemu, kama bado ipo, ulimi wa taa ulikuwa unawaka au palikuwa giza?

La mwisho. Umeandika ukurasa mzima juu ya kidole gumba, na juu ya kuoga umeandika mstari mmoja. Nakujua tangu mdogo: unapofupisha ndipo panapouma. Yeye alioga saa ngapi?

Mama yako Mkubwa,
Tokiko

*

Hiroshima, 25 Agosti 1994

Kwa Mama Mkubwa,

Salamu kutoka kwa Baba. Matango yamekufa, hataki kuyazungumzia.

Umeniuliza mambo kama daktari na mimi hukunijibu langu hata moja. Haya. Hakohoi. Ngazi anapanda kwa mikono na miguu. Hakuniuliza jina wala hakulitaja. Altare sikuiona, labda iko chini ya magunia. Hakutaja mtu.

Kuhusu kuoga: sikumwona akioga, na ukimnusa huhitaji kuuliza. Mtu wa namna ile haogi. Ukipenda kumsaidia rafiki yako, watafute watu wenye glavu na lori.

Naomba tuyaache haya. Hata wali wa nyumbani kwetu siku hizi naukagua kwanza.

Kazuomi

*

Himeji, 18 Septemba 1994

Kwa mwanangu Kazuomi,

Joto limepungua kidogo huku, na nimeweza kutembea hadi sokoni na kurudi bila kupumzika. Bibi Orito amelazwa kwa ajili ya macho, kwa hiyo ukuta umetulia. Nimekushonea shati la majira ya baridi, nitalituma nikipata kifungo cha tano.

Nimeandika barua hii na kuichana mara nne. Mara hii naituma hivi hivi.

Isao si rafiki yangu. Ni kaka yangu, na kaka wa mama yako. Tulizaliwa watatu, si wawili. Wewe ulilala kwa mjomba wako.

Mwezi wa Juni ofisi ya kijiji ilinitafuta. Wanataka kumhamishia kwenye nyumba ya wazee huko mjini na kuibomoa nyumba kabla haijamwangukia. Yeye hataki. Wakaniambia ndugu wa damu akigonga mhuri kwamba hajiwezi, watamchukua hata akikataa. Mimi sikutaka kwenda kutazama. Miaka thelathini na saba sijakanyaga pale, na nilijiapia nitakufa sijakanyaga. Basi nikampelekea kadi ya posta yenye mstari mmoja, kwamba mpanda baiskeli atapita tarehe 30 apewe pa kulala, na nikakutuma wewe uwe macho yangu. Nilikuficha kwamba ni mjomba wako ili usije ukamwonea huruma.

Macho yako yaliona vizuri kuliko nilivyotarajia. Barua zako mbili nimezituma ofisini pamoja na karatasi yenye mhuri wangu. Pale ulipoandika kwamba haogi nilipigia mstari kwa wino mwekundu, maana afisa alisema hilo ndilo linalohesabika zaidi. Asiyeweza kujiogesha hawezi kuishi peke yake. Watakuja kumchukua tarehe 31 Oktoba.

Utaniuliza amenikosea nini. Mwaka 1957 nilimwacha mume. Alikuwa akinipiga kwa vitu vya jikoni, na siku aliyoshika birika la moto nilitoka. Nilipanda treni, kisha basi, nikafika Kamiore mvua inanyesha, na sanduku moja. Baba yetu alisimama mlangoni. Akasema, "Binti aliyeolewa ni mgeni hapa, na mgeni huja kwa mwaliko." Nilisimama chini ya mchirizi wa paa, maji yakinishukia shingoni, nikaona moshi unatoka nyuma ya nyumba, pale jiko la kuogea lilipo. Isao alikuwa amechuchumaa kule anachochea kuni, hatua kumi kutoka nilipo. Kila neno alilisikia. Hakuinuka. Hakutokeza hata kichwa kwenye kona. Nikarudi kituoni nikalala kwenye benchi hadi basi la asubuhi.

Mama yako alipoolewa nilimwambia achague kati yangu na Isao, na akanichagua mimi, ndiyo maana hukuwahi kusikia jina lake. Namchukia mtu yule hadi mate yananijaa mdomoni ninapoandika. Sasa unajua nilikuwa na maana gani.

Mama yako Mkubwa,
Tokiko

*

Hiroshima, 4 Oktoba 1994

Kwa Mama Mkubwa,

Baba anakusalimu. Nilipomuuliza kuhusu Mjomba alizima redio, akasema alimwona mara moja tu, kwenye mazishi ya Mama, amesimama nje ya lango upande wa pili wa barabara na kofia mkononi. Baba alidhani ni dereva wa teksi.

Barua yako ilinitia kinyaa kuliko ile figili, na ni haki yako uambiwe. Mtoto wa dada yako ulimfanya mpelelezi. Barua nilizokuandikia wewe zinasomwa na karani nisiyemjua, na wino mwekundu juu yake. Siku mbili nilitembea na hasira hiyo nikiwa msafi kabisa. Siku ya tatu nikafika pale penye mstari wako, kwamba haogi, na hasira ikageuka ikanitazama mimi.

Uliniuliza alioga saa ngapi, nami nikakwepa. Sasa nakuambia.

Jioni ile alinipeleka nyuma ya nyumba. Mama Mkubwa, pale nyuma ni pasafi. Mawe yamesuguliwa, lile sufuria kubwa la chuma la kuogea linang'aa ndani, ubao wa kukanyagia ni mpya na bado unanuka mbao. Ndoo imepinduliwa, taulo limekunjwa. Akasema niingie wa kwanza, yeye atafuata nikimaliza. Akaenda kuchuchumaa nje kwenye moto, akawa ananiuliza kupitia ukutani kama niongezewe kuni. Nilikaa mle nusu saa. Miguu yote iliyopanda Misaka ililegea. Ilikuwa raha kubwa, na nilichukia kwamba raha ile inatoka kwake.

Kisha nikafikiria kucha zile na fulana ile zikiingia katika maji niliyotoka mimi. Kila mtoto anajua maji ya kuoga ni ya nyumba nzima, hayamwagwi hadi wa mwisho atoke. Mimi nina chumba changu mwenyewe uani kwa Baba, bafu langu ni dogo kama kabati, nikimaliza natoa kizibo na kwenda zangu. Asubuhi ile ningeweza kukuapia kwamba mkono ulijiendea wenyewe kwa mazoea. Si kweli. Nilikishika kizibo, nikafikiria, nikakivuta. Nilisimama pale nimejifunga taulo nikisikiliza maji yanaondoka, na nilifurahi.

Yeye aliyasikia kutoka nje. Kisha nikasikia anamwaga jivu juu ya kuni, polepole, kuzima moto.

Ijumaa niliomba ruhusa, Jumamosi nikavuka tena. Safari hii sikupata pancha. Nilipokuwa nasukuma kwenye yale mawe nilimkuta njiani, anapanda na ndoo mbili kwenye mti wa mabega. Chemchemi ya nyuma ya nyumba ilikauka Julai na haijarudi. Maji yanatoka mtoni, chini kabisa, ngazi za mawe mia mbili na kitu, ndizo zile anazozipanda kwa mikono na miguu. Nilimpokea ndoo. Nilihesabu siku ile: kujaza sufuria ni safari ishirini na mbili. Mimi nilipiga kumi na moja nikakaa chini. Julai, kwa jua lile, alizipiga zote peke yake, kwa ajili ya mtu aliyeandikwa kwenye kadi yako. Kadi yenyewe ameibandika kwenye nguzo juu ya altare. Altare ipo, haiko chini ya magunia, ila Julai sikutazama. Taa inawaka.

Usidhani nakuletea malaika. Nyumba bado inanuka. Nusu ya magunia ni vitu walivyomwachia majirani waliohama, wakisema watavirudia. Nusu nyingine ni takataka tu, na paka wamezitapikia zote bila kubagua. Figili ni zile zile. Nilikula nikiwa nimefumba macho.

Nilimwomba radhi kwa kile kizibo. Akasema, "Nilidhani Tokiko ndiye aliyekuambia ufanye vile."

Nikamwambia hapana, ni mimi. Akauliza kama wewe bado unakunja kidole kidogo unaposhika kikombe. Nikasema ndiyo. Akasema kuhusu mimi alijua tangu mlangoni, kwa masikio ya Shizue, mama yangu. Halafu nikamuuliza la mwaka 1957, kwa sababu bila hilo nisingeweza kurudi Hiroshima. Nikamuuliza kwa nini hakuinuka.

Akasema, "Nilimwona anapanda kutoka kituoni, amelowa chapachapa. Nikakimbilia kuwasha maji yake. Baba alipoanza kusema nikaona nisipouacha moto uzime atakuwa na pa kuingilia. Nikachochea. Nilipoinuka hakuwepo."

Nikamuuliza yale maji yakawaje. Akasema hakuna aliyeyaingia, baba yenu alikataa na yeye hakuweza. Yalipoa siku mbili ndipo akayamwaga.

Sijui kama hiyo ni sababu ya kutosha. Alikuwa mwoga, nadhani, na anajua. Mtu mzima na akili zake hachochei kuni dada yake anapofukuzwa. Hilo nalo linanichefua na sitalifuta hapa.

Alitaka niingie wa kwanza tena. Nikakataa. Nilimwambia mimi ni mtoto wa dada yake, mgeni alikuwa yule wa Julai. Tulibishana hadi moto ukapungua, ndipo akaingia yeye, na mimi nikachochea nje. Alijisugua kwanza kwa sabuni, kama kila mtu, muda mrefu kuliko mimi. Alipotoka nikaingia. Maji yalikuwa na unyoya mmoja wa paka na kitu cheupe chembamba ambacho sikukikagua. Mwili mzima ulinisisimka kwa kinyaa. Nikakaa humo mpaka shingoni hadi yakapoa.

Anaoga, Mama Mkubwa. Kwa safari ishirini na mbili za ndoo, anaoga. Niliandika uongo na wewe ukaugongea mhuri. Jana nimewapigia simu kuukanusha, lakini karani amenijibu kwamba mimi si ndugu wa karibu, karatasi inayohesabika ni yako. Tarehe 31 haiko mbali.

Shati likiwa bado halina kifungo cha tano, usilitume. Sijui kama ningelivaa.

Kazuomi

*

Himeji, 20 Oktoba 1994

Kwa mwanangu Kazuomi,

Bibi Orito amerudi na anaona hadi vumbi langu. Mvua imenyesha huku siku mbili, natumaini na kwenu. Kifungo nimekipata, hakilingani na vingine, shati nitakuja nalo mkononi.

Siku zote hizi nilikuwa najaribu kukujibu kwa hasira na hasira haikutosha ukurasa. Miaka thelathini na saba nimemchukia kwa moshi ule. Sijamsamehe. Alipaswa kuinuka. Lakini sikujua maji yalikuwa ya nani.

Ofisi ya kijiji nimewaandikia kwamba karatasi ile siitambui tena, na kama wana neno waje wanikute huko huko nyumbani tarehe 31. Nitashuka Kamiore Jumamosi tarehe 29 kwa basi la saa tisa alasiri. Nitabeba glavu, dawa ya panya na sabuni ya mche, na zile figili nitazitupa mimi mwenyewe mbele ya macho yake. Wewe njoo na baiskeli yako, usaidie ndoo.

Mwambie Isao awashe moto. Aingie yeye kwanza, kisha wewe. Mimi si mgeni katika nyumba ile. Nitaingia wa mwisho, na kizibo nitakitoa mwenyewe.

Tokiko